Garanti ya Wiki Sita ya Languida

Mpaka mwaka jana, watu wa Gisenyi wakitaka kujua kama mwanamke amesukwa na Languida, hawakumuuliza. Walimtazama macho. Kama macho yamevutwa pembeni na nyusi zimepanda utadhani amepewa habari mbaya, basi huyo alikuwa ametoka kwetu. Alishuka ngazi zetu huku anatabasamu bila kutaka, maana ngozi ya uso ilikuwa imekwisha, kilichobaki ni meno.

Nasema kwetu kwa sababu saluni ni moja. Iko juu ya njia inayoteremka kwenda Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpaka wa Goma, chumba kimoja chenye kioo kirefu. Karibu na mlango kuna kiti changu na mashine zangu mbili za kunyolea. Kwa ndani kuna viti vitatu vya Languida. Katikati tulitundika pazia, ila halijawahi kufungwa hata siku moja, kwa kuwa Languida hawezi kusema na mtu asiyemwona. Mimi naitwa Karenzi. Nilizaliwa Ngara, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na ndiyo maana wananicheka kwamba Kiswahili changu ni cha redio. Nimekuwa kinyozi miaka kumi na tisa, na nina kipara. Natangulia kusema mwenyewe ili usijisumbue kunichungulia.

Languida alizaliwa ng'ambo, Goma, mtaa wa Birere, akafundishwa kazi na shangazi yake aliyekuwa akisuka watu kando ya barabara. Shangazi huyo alikuwa akimgonga vidole kwa kitana kila msuko ulipolegea. Languida alivuka kuja huku akiwa na miaka kumi na minane, na vidole hivyo hivyo ndivyo vilivyomlisha, vikamlea binti yake Uwineza, vikamlipia shule mpaka akapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya ufukweni. Ukikaa na Languida nusu saa utaisikia hadithi hiyo mara mbili, na mara ya pili shangazi anakuwa mkali zaidi.

Wateja wake wengi ni akina mama wanaovuka mpaka kila asubuhi na beseni kichwani: nyanya, mayai, sambaza, vile visamaki vya ziwani. Mtu anayebeba beseni kutwa hana muda wa kukaa saluni kila wiki. Anataka nywele zinazoshika. Hapo ndipo Languida alipobuni garanti yake: wiki sita. Msuko ukilegea kabla ya wiki sita, unarudi, anakusuka upya bure, na juu yake anakununulia Fanta. Katika miaka kumi na moja alinunua Fanta mbili tu, na mara zote mbili alidai mteja alijifumua mwenyewe kwa sababu ya kiu.

Alikuwa na kipimo chake. Akimaliza, anamsimamia mteja mbele na kumwamuru: "Funga jicho." Jicho likifungika vizuri, Languida anatikisa kichwa, anafumua mistari ya mbele na kuanza tena. "Kama haiumi, haishike," anasema. Na akina mama walimpenda kwa hilo. Walikuwa wakimeza vidonge vya maumivu viwili kabla ya kukaa, kama watu wanaokwenda kung'olewa jino, kisha wanalipa na kusema murakoze, asante.

Yeye mwenyewe alivaa peruki. Peruki nzuri, ndefu, akibadilisha kila Pasaka na kila Noeli. "Mi niko na nywele mingi, sina temps ya kuisuka," ndivyo alivyowaambia wateja. Mimi nilikuwa na mashaka yangu. Upepo wa ziwa ukipanda mchana, wanawake wengine hushika sketi. Languida alishika kichwa, kwa mikono yote miwili.

Sikumsema, kwa sababu na mimi nilikuwa na yangu. Nywele zangu zilianza kurudi nyuma pembeni nikiwa na miaka thelathini, halafu utosini pakatokea uwanja, halafu pembeni na utosini pakakutana. Kinyozi mwenye kipara hapumziki. Kila mteja mpya anatazama kichwa changu, anatazama mashine, anauliza kama nilijifunzia hapo. Kwa hiyo nilijitibu. Nilipaka maji ya vitunguu mpaka wateja wakaanza kuniuliza tunapika nini. Kisha mtu akaniambia habari za maji ya moto ya Nyamyumba, yale yanayotoka ardhini pale kando ya ziwa, ambapo watu huenda kuloweka magoti na migongo. Kama yanaponya goti, nikasema, kichwa kina kosa gani? Nikaenda Jumapili tatu mfululizo. Watu wote wameketi na miguu majini, mimi nimeinama nimeingiza utosi.

"Karenzi," Languida aliniambia niliporudi nimeiva, "utafute na chumvi, sasa. Sambaza ikiiva bila chumvi haina bei."

Dawa ya tatu ndiyo iliyoniponza. Mukandori, mteja wake mkubwa, muuza nyanya mwenye sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa mpaka, aliniletea kutoka Goma chupa yenye picha ya mwanaume mwenye nywele mpaka mabegani. Haikuandikwa imetengenezwa wapi. Nilipaka usiku mmoja tu, na asubuhi kichwa kilikuwa chekundu, kimevimba, kinatoa maji. Languida alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza kucheka akafanya jambo lililonishangaza: alifunga viti vyake vitatu siku ya soko.

"Twende kwa docteur ya ngozi," akasema. "Mi nitakusindikiza."

Daktari Mukashyaka huja kliniki moja hapa mjini mara mbili kwa mwezi. Chumba cha kungojea kilikuwa kimejaa kofia. Nilihesabu kofia saba, vilemba vinne, na dereva mmoja wa lori aliyekuwa amejifunika taulo kama bondia. Nilipomwangalia sana akalifunua mwenyewe, akanionyesha duara kamili nyuma ya kichwa, laini, ukubwa wa kifuniko cha chupa ya chai. Aliniambia anachomwa sindano ndogo hapo kwenye duara na nywele zimeanza kuchungulia. Kando yake mama mmoja mchanga, mwenye mtoto wa miezi minne, alikuwa akilia kwamba nywele zinabaki kwenye kitana kwa mafungu. Alitoka ndani anacheka, ameambiwa ni za uzazi na zitarudi zenyewe. Nilianza kuwa na matumaini.

Daktari alikulia Bukavu. Alitusikia tukibishana mlangoni kwa Kiswahili, akaendelea kwa hicho hicho. Alinitazama kichwa na kidude chenye taa.

"Baba yako alikuwa na nywele?"

"Baba alikuwa na kofia, Daktari."

"Na wajomba?"

"Wajomba wote walikuwa na kofia."

"Basi uchunguzi umekwisha," akasema. "Umerithi. Kipara cha wanaume hutoka upande wa baba au wa mama, hata pande zote mbili. Maji ya moto hayakusababisha na hayatakuponya. Hiyo chupa uitupe. Kwanza tuponye ngozi uliyoiunguza."

Baadaye, akasema, nikitaka kuna dawa ya kupaka inayoitwa minoksidili. Naipaka kila siku, nangoja miezi minne mpaka sita, wiki za kwanza zinaweza kudondoka nyingi zaidi nisitishike, na siku nikiiacha kilichoota kitaondoka. Kuna vidonge pia, vya wanaume, ambavyo si vya kumeza bila daktari kukufuatilia, na kikivunjika mwanamke mjamzito asikishike. Kuna hospitali kubwa wanakohamisha mizizi kutoka kisogoni kuja mbele, mmoja mmoja. Ila uwanja wangu ni wa siku nyingi, nisitegemee msitu.

"Au?" nikauliza.

"Au unyoe zilizobaki, upake mafuta, uendelee na maisha. Hiyo nayo ni tiba. Haina madhara."

Niliumia, nisidanganye. Nilikuwa nimesimama nichukue karatasi yangu pale Languida alipojikohoza.

"Docteur, mi niko na rafiki."

Daktari alitazama peruki, akanitazama mimi, akachukua kalamu tena. "Rafiki yako ana umri gani?"

"Sawa na yangu tu."

"Anasuka?"

"Anasukaka tangu utoto. Na mèche, nywele ya kuongeza. Kisha peruki juu, na kole ya kuishikisha."

"Zimetoka sehemu gani?"

Languida alipitisha kidole juu ya peruki, polepole, kutoka sikio hili mpaka sikio lile.

"Hapo ngozi ikoje? Ina vitundu vidogo, au inang'aa?"

"Inang'aa," akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Kama kichwa ya huyu."

Daktari hakucheka. Alieleza kwamba wanawake hupoteza nywele kwa mambo mengi, upungufu wa damu, tezi la shingoni, hata kurithi kama mimi, ila zao hupungua katikati kwenye mstari wa kuchania. Kwa hiyo rafiki aje apimwe damu. Lakini ukingo wa mbele na panjani, kwa mtu wa kusuka, ni kuvutwa. Mzizi unavutwa mwaka huu na mwaka ule, unavimba, unachoka, unakufa, na panabaki kovu. Pakishafika kung'aa, hakuna dawa ya kupaka itakayopaamsha.

Languida aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikia alichokijua. Nikadhani tumemaliza. Kumbe ndiyo kwanza alikuwa anafika alikokuwa akienda.

"Na kama rafiki iko na mutoto? Ya fille, musichana. Anamusukaka yeye mwenyewe, tangu miaka tatu. Pale juu ya masikio kuko vipele vidogo, na nywele imekuwa fupi-fupi, ya kukatika."

"Huyo bado ana bahati," Daktari akasema. "Vipele maana yake mzizi bado uko hai. Aache kuvutwa na zitarudi."

"Ataolewa mu mwezi kesho, docteur. Kisha harusi ataacha."

"Aache sasa. Akiendelea, naye siku moja atakuja hapa aniambie ana rafiki."

Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, nikaumeza. Mtoto huyo nilikuwa namjua. Uwineza alikuwa akichezea vifuniko vya mafuta yangu chini ya kiti kabla hajaanza shule. Na nilijua Languida alivyopanga: siku ya gusaba, ukoo mzima wa Hirwa, mchumba wake, ukija kuomba mkono, bibi harusi atoke na msuko ambao Gisenyi haijauona. Alikuwa ameuchora kwenye daftari.

Nje, kwenye kituo cha pikipiki, Languida alinishika kola. "Ukisema kwa mutu, Karenzi, nitakunyoa masikio."

Wiki iliyofuata alijaribu. Namsifu, alijaribu. Mukandori alikuja, akakaa, akameza vidonge vyake viwili, akafumba macho kungoja maumivu. Languida akasuka polepole, mkono mwepesi. Mukandori akafumbua jicho moja.

"Languida, uko mugonjwa?"

"Niko muzima."

"Mbona sisikie kitu?"

"Iko mode mupya," Languida akasema. "Ya kulegea kidogo. Kuvuta sana inang'oa nywele."

"Nani amekudanganya hivo? Nilikuja kwa kushikwa, sikukuja kwa kupapaswa."

Siku ya kumi na moja Mukandori alirudi, msuko umelegea chini ya beseni, akasimama mlangoni na kuitisha Fanta yake kwa sauti ile ile ya kuuzia nyanya. Waliokuwa njiani wote wakasikia. Siku tatu baadaye wakarudi wengine wawili. Mwisho wa wiki hiyo niliona vichwa vitano vya wateja wetu vikiingia kwa Niyonshuti, msusi mpya wa ng'ambo ya barabara, vikatoka na nyusi juu.

Basi Languida akarudia kuvuta. Niliona kwenye kioo, mguu mmoja ameukanyagisha kwenye kiti cha mteja apate nguvu. Nikakasirika, nasema kweli. Nilizima mashine, mteja wangu akiwa nusu.

"Unajua unachowafanyia, na bado unafanya," nikamwambia nilipommaliza huyo na wateja wote kutoka. "Zamani ulikuwa hujui. Sasa unajua."

"We ukimunyoa mutu vibaya, inaota," akanijibu. "Wanarudi kila wiki mbili wenyewe. Mi wakiniacha, nitakula nini? Upepo?"

"Na Uwineza?"

Alichukua ufagio akafagia nywele zangu, kazi ambayo hajawahi kuifanya tangu tufahamiane.

Gusaba ilikuwa Jumamosi. Jumamosi iliyotangulia ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi, kwa hiyo tulifungua saa tano, na saa tano na dakika tano palikuwa pamejaa. Mukandori alikuwepo, amekuja kudai msuko wake wa bure wa kuvuta. Mimi nilikuwa na mzee kwenye kiti. Uwineza akaingia na marafiki wawili, ameshika mfuko wa mèche mpya, akakaa kwenye kiti cha katikati, akakunjua kilemba.

Nilitazama panja zake kwenye kioo. Nilikuwa sijaangalia kwa muda mrefu, au sikutaka. Pembeni palikuwa pamerudi nyuma vidole viwili.

"Maman, leo vuta kabisa," akasema. "Hapa pembeni imeanza kupungua, sijue ni nini. Mèche ifunike yote. Hata jicho isifungike."

Marafiki wakacheka. Languida alichukua kitana. Akagawa nywele mstari wa kwanza, juu ya sikio la kushoto, akainama. Vipele vilikuwa pale, vidogo, vyekundu, na yeye alikuwa akivipitisha kidole kama mtu anayesoma.

"Maman?"

"Siwezi," Languida akasema.

"Huwezi nini?"

Hapo alifanya jambo ambalo sitalisahau. Aliweka kitana mezani, akaingiza vidole chini ya peruki, akaibandua na kole yake, chrrr, akatafuta pa kuiweka. Viti vilikuwa vimejaa. Kichwa kitupu kilichokuwa karibu kilikuwa changu. Akanivika.

Hakuna aliyecheka. Nilisimama na peruki ya Noeli mpaka kifuani, mashine inanguruma mkononi, na hakuna aliyenitazama. Walikuwa wakimtazama yeye. Kutoka sikio mpaka sikio, upana wa kiganja, hapakuwa na kitu. Ngozi iling'aa chini ya taa. Nyuma yake nywele zilikuwepo, nyeupe kidogo, chache, zimelala kama zimeonewa.

"Angalieni," akasema. "Garanti yangu ni hii."

Mukandori ndiye aliyesogea kwanza. Aliinua mkono akagusa panja zake mwenyewe, huku na huku. "Mi pia niko na vipele," akasema mwishowe. "Nilifikiri ni beseni."

Uwineza alikuwa amesimama. Alimgusa mama yake kwenye paji, pale palipong'aa, kwa ncha za vidole.

"Tangu lini?"

"Tangu uko mu primaire."

"Na hukuniambia, maman? Na tunalala nyumba moja."

"Ningekuambia nini? Musukaji asiye na nywele." Alisema na machozi yakamtoka, naye si mtu wa machozi. "Nani atanipatia kichwa yake?"

"Mimi wananipa," nikasema. "Miaka kumi na tisa."

Nilisahau kwamba nina peruki. Wakanigeukia wote, na mzee kwenye kiti changu akaniona kwenye kioo, akapiga kelele "Yampaye inka!" na saluni nzima ikapasuka. Hata Languida alicheka, analia na kucheka, anajifuta kwa taulo langu la kunyolea.

Kicheko kilipoisha Uwineza alikuwa bado ameshika mfuko wa mèche. Akaufunga. Akampa Mukandori amshikie. Mzee alipoteremka, nusu amenyolewa na akisema atangoja, msichana akaja akakaa kwenye kiti changu.

"Papa Karenzi, nyoa. Fupi kabisa."

Rafiki yake mmoja akaruka. "Wiki moja na gusaba! Hirwa atasema nini?"

"Hirwa alinijua shuleni, nikiwa nimenyolewa kama wote. Atanitambua."

Nilimtazama Languida. Kazi yake kubwa kuliko zote, iliyochorwa kwenye daftari, ilikuwa inakwenda chini ya mashine ya kinyozi. Aliruhusu kwa kichwa. Nikamfunga Uwineza kitambaa shingoni, na Languida akaja akasimama upande wa pili, kichwa wazi mbele ya watu wote na mlango wazi, akamshika binti yake kidevu kama alivyokuwa akimshika alipokuwa na miaka mitatu. Nikawasha mashine.

"Polepole, Karenzi," akasema. "Usimuvute."

Mashine haivuti nywele, naye anajua hilo kuliko mimi. Nikamwambia sawa, Mama Uwineza, nikapunguza mkono.